Samaki Nao Wanavuta Hewa

Somo kwa kila nyumba yenye bwawa la samaki

Ndugu msomaji, labda wewe una bwawa la samaki nyuma ya nyumba yako, au katika bonde la kijito karibu na shamba lako. Au labda huna, lakini unafikiri kulichimba. Somo hili ni lako. Tunataka kujifunza jambo moja: samaki wa bwawani hufa kwa kukosa hewa, hufa zaidi alfajiri, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowanyima hewa hiyo. Ukilifahamu jambo hili utaokoa samaki wengi. Pengine utaokoa na amani kati yako na jirani yako.

1. Kwa nini hospitali inafundisha habari za samaki?

Kila mwuguzi amepata kumwona mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabanduka, wala hana furaha ya kucheza. Mwaka 1935 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa Ghana leo, aliutangaza ugonjwa huu kwa jina ambalo akina mama wa huko walilitumia: kwashiorkor. Maana yake yahusu mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mtoto huyo hupewa fufu ya mihogo siku zote. Tumbo lake linashiba, lakini mwili wake una njaa.

Mtoto aliyekwisha kuvimba apelekwe hospitalini upesi. Usimngoje nyumbani ukimpa samaki, maana anahitaji matunzo ya daktari. Lakini kwa watoto walio wazima, samaki ni mlinzi mwema. Kausha samaki, mponde pamoja na sombe au katika uji, ukiondoa miiba yote, na mtoto atakula.

Utasema, “Sisi tunakaa Kisangani, mto mkubwa uko mbele yetu, kwa nini tuchimbe bwawa?” Ni kweli, mto uko, lakini bei ya samaki sokoni si ya kila mfuko, na si kila nyumba ina mtumbwi na nyavu. Ndiyo sababu kabla ya mwaka 1960 watu walihimizwa kuchimba mabwawa katika Kongo yetu, wakachimba maelfu kwa maelfu. Baadaye mengi yaliachwa yakajaa matope na majani. Kulichimba bwawa ni kazi ya wiki chache, lakini kulitunza ni kazi ya kila siku.

2. Hewa ndani ya maji

Samaki hana mapafu kama yako. Ana matamvua, yaani yale mapazia mekundu yaliyo chini ya kifuniko cha shavu. Anakunywa maji kwa kinywa, anayapitisha katika matamvua, na pale damu yake inachukua hewa iliyoyeyuka majini. Sehemu ya hewa anayoihitaji ndiyo ile ile unayoihitaji wewe, nayo inaitwa oksijeni.

Angalia hesabu hii. Katika lita moja ya hewa unayovuta mna oksijeni zaidi ya miligramu 250. Katika lita moja ya maji ya nchi yetu yenye joto, hata yakishiba kabisa, mna miligramu 8 tu au chini yake. Basi mali ya samaki ni ndogo kuliko yako zaidi ya mara thelathini. Tena maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na Kisangani iko karibu na mstari wa Ikweta. Kwa hiyo samaki wetu ni kama maskini mwenye franga chache mfukoni: akiibiwa kidogo tu, amekwisha.

Nenda ukatazame maporomoko, mahali Wagenia wanapotega vikapu vyao vikubwa. Maji yanapigwa juu ya mawe, yanapasuka, yanakuwa meupe kwa povu. Kila tone linagusa hewa na kuichukua. Bwawa lako halina mawe wala maporomoko. Maji yake yamelala. Yanapata wapi oksijeni? Yanapata mahali patatu: kidogo kwa upepo unaogusa uso wa maji, kidogo kwa maji mapya yanayoingia, na sehemu kubwa kwa mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ile inayofanya maji kuwa na rangi ya majani mabichi.

3. Mchana rafiki, usiku mdeni

Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alitoa kitabu juu ya kazi ya majani. Aliweka majani mabichi ndani ya maji penye mwanga wa jua, akaona vipovu vya hewa vikitoka. Alipoyaweka gizani, vipovu vilikoma. Hewa ya mchana ilikuwa oksijeni. Tena aliona ya kuwa gizani majani hayatoi hewa hiyo njema, bali huiharibu. Wewe pia waweza kujaribu. Tia jani bichi la mmea wa majini katika chupa safi yenye maji, uiweke juani, kisha utazame.

Basi fahamu kazi ya mimea midogo ya bwawa lako. Mchana inatoa oksijeni kuliko inavyotumia, hata saa tisa alasiri maji yameshiba. Jua likitua, kiwanda kinafungwa. Lakini samaki hawaachi kuvuta hewa usiku. Mimea nayo inavuta. Vijidudu vinavyoozesha takataka chini matopeni navyo vinavuta. Usiku kucha wote wanakula akiba ya mchana, wala hakuna anayeongeza. Saa kumi na moja ya alfajiri, kabla ya jua kutoka, ghala liko karibu tupu. Hii ndiyo saa ya hatari.

Kama jana mbingu zilikuwa na mawingu mazito mchana kutwa, mimea haikufanya kazi vizuri, na akiba ilikuwa ndogo tangu jioni. Na mvua kubwa ya ghafula ikija baada ya siku nyingi za joto, maji baridi ya mvua yanashuka chini na kuyainua maji mabaya ya matopeni. Basi baada ya siku ya mawingu au usiku wa mvua kubwa, amka mapema, uende bwawani.

4. Wezi wa hewa

Sasa tuwataje wezi wanaoiba hewa ya samaki. Utaona wengi tumewaalika wenyewe.

Mwizi wa kwanza ni chakula kilichobaki. Mtu ana pumba za mpunga nyingi, anazimwaga zote ili samaki wakue upesi. Samaki wanakula kidogo, zilizobaki zinazama na kuoza, na kila kinachooza kinakula oksijeni. Yule anayelisha kupita kiasi anadhani anawapenda samaki wake, kumbe anawasonga.

Mwizi wa pili ni mbolea nyingi. Mbolea ya kuku au ya mbuzi ni njema, maana inalisha ile mimea midogo. Lakini itiwe kidogo kidogo, ndani ya boma la miti katika pembe moja ya bwawa. Ukitia kikapu kwa kikapu siku moja, maji yanakuwa mazito kama mchuzi, na usiku mimea hiyo yote inadai hewa.

Mwizi wa tatu ni mihogo. Hapa kwetu mama huloweka mihogo michungu siku tatu au nne ili sumu yake itoke na iwe laini. Ni kazi njema. Lakini mihogo ikilowekwa ndani ya bwawa la samaki, uchachu wake unamaliza oksijeni, na ile sumu inayotoka inawadhuru samaki pia. Mama, chimba shimo lingine la mihogo upande wa chini, mahali maji yake hayawezi kurudi bwawani.

Mwizi wa nne ni majani ya miti. Bwawa lililo chini ya miti mikubwa halipati jua wala upepo, tena majani yanaanguka na kuoza kila siku. Kata matawi yanayofunika, na uyaondoe majani yanayoelea.

Mwizi wa tano ni wingi wa samaki. Tilapia huzaa mno. Unaweka mia nne, baada ya miezi michache kuna elfu kadhaa, wote wadogo, wote wanagombea hewa ile ile. Vua wadogo mara kwa mara, ule au umpe jirani anayeanza bwawa.

Mwizi wa sita ni choo. Wengine hujenga choo juu ya maji wakisema samaki watanenepa. Usifanye hivyo kamwe. Mavi ya mtu yanakula hewa kama kila kitu kinachooza, tena yanaleta minyoo, kuhara na kichocho. Kichocho si ugonjwa wa mbali. Mwaka 1934 daktari Fisher aliandika habari za kichocho cha matumbo alichokichunguza katika wilaya ya Stanleyville, yaani hapa petu, kabla mji haujaitwa Kisangani mwaka 1966. Konokono wanaokibeba hupenda majani ya ukingoni. Kwa hiyo fyeka ukingo wa bwawa. Upepo utagusa maji, konokono watakosa maficho, na mbu nao watakosa mahali pa kutaga.

5. Dalili za kukosa hewa

Jifunze kuwasoma samaki wako. Hawana sauti, lakini wanasema kwa matendo.

Kama alfajiri tilapia wamepanda juu, vinywa vyao viko usoni pa maji vikifunguka na kufunga, hiyo ni dalili kubwa. Kama wamejikusanya mahali maji mapya yanapoingia, ni dalili. Kama ukipiga mguu chini hawakimbii, au wanazama kidogo na kurudi upesi, ni dalili. Kama asubuhi wanakataa chakula, ni dalili.

Lakini usidanganywe na ngolo. Ngolo ana kiungo cha pekee cha kuvuta hewa ya juu, kadhalika mungusu, na yule samaki aitwaye hapa Kongo ya sika. Hao hupanda kuvuta hewa hata maji yakiwa mema. Tena tilapia wote wakifa, ngolo aweza kubaki. Basi usiseme, “Ngolo wangu wanaishi, maji yangu ni mazuri.” Mtazame tilapia.

Pima maji pia kwa mkono wako. Mchana, jua likiwa juu, ingiza mkono umeunyosha, ukikunja kiganja. Kama kiganja chaonekana mpaka maji yafike karibu na kiwiko, maji ni mema. Kama kiganja kimepotea kabla maji hayajafika katikati ya mkono, mimea imezidi: acha mbolea. Kama waona kiganja hata maji yakipita kiwiko, mimea ni michache: ongeza mbolea kidogo. Lakini kama maji ni ya rangi ya udongo kwa sababu ya mvua, kipimo hiki hakifai.

6. Ufanye nini alfajiri ya hatari?

Ukiwakuta samaki juu wakitweta, usikae kulia wala kukimbia kuita watu wa maneno. Ita watu wa ndoo.

Kwanza, fungua maji mapya yaingie kwa nguvu. Yaanguke kutoka juu, yapige jiwe au bati lenye matundu, yapasuke kama maji ya maporomoko.

Pili, toa maji ya chini, si ya juu. Maji mabaya zaidi yako karibu na matope. Kama bomba lako la mwanzi linatoa maji ya juu tu, siku ya hatari litatoa yaliyo mema na kuacha mabaya.

Tatu, kama huna maji ya kuingia, watu wasimame ukingoni wateke maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena. Watoto wakubwa wapige uso wa maji kwa matawi. Wasiingie kukoroga matope, maana watainua uozo wote.

Nne, toa mbolea iliyo katika boma, na samaki waliokufa, na kila kinachooza.

Tano, usitie chakula siku hiyo wala kesho yake, wala mbolea kwa muda wa wiki moja.

Sita, usiondoke mpaka jua liwe juu na samaki wamerudi chini. Kama bado wanatweta, vua wakubwa walio hai, uwapasue na kuwakausha kwa moshi siku ile ile. Lakini samaki uliowakuta wamekwisha kufa, wala hujui wamekufa saa ngapi na kwa nini, usiwale wala usiwauze. Wazike mbali na maji.

7. Kabla ya kusema “Nimetiliwa sumu”

Sasa twafika kwenye neno zito. Mtu alilala na samaki mia nne, akaamka akawakuta wanaelea. Jana hakuona ugonjwa wowote. Moyo wake unasema, “Kuna mkono wa mtu.” Anakumbuka jirani aliyesimama ukingoni juzi, au shangazi mjane aliyeomba samaki akanyimwa. Kabla ya jioni jina limetajwa. Urafiki wa miaka mingi unavunjika, na pengine mama mzee anafukuzwa katika nyumba yake, kwa ajili ya hewa iliyokwisha usiku.

Hatusemi ya kuwa sumu haipo. Watu wa msitu wanajua mimea ya kuvulia ambayo huwalevya samaki, na mwizi aweza kuitumia. Lakini maji yenyewe yatatoa ushuhuda. Uyaulize.

Uliza saa. Kukosa hewa huua alfajiri. Sumu huua saa yoyote, hata adhuhuri.

Uliza ukubwa. Hewa ikikosekana, kwa kawaida samaki wakubwa hufa kwanza, na wadogo hubaki. Sumu huua wakubwa na wadogo, na mara nyingi wadogo hutangulia.

Uliza viumbe vingine. Hewa ikikosekana, vyura na ngolo huishi, kwa kuwa wanavuta hewa ya juu. Sumu kali huua na ngolo, na wadudu wa majini.

Uliza siku zilizopita. Je, kulikuwa na mawingu? Mvua kubwa? Je, ulitia pumba nyingi, au mbolea mpya, au mihogo? Maji yalikuwa ya rangi ya majani juzi, na leo yamegeuka kuwa meusi na kunuka? Basi umempata mwizi, wala hana miguu miwili.

Ninyi wazee wa kanisa na wakubwa wa mtaa, mkiletewa neno kama hili, nendeni kwanza mkatazame bwawa kabla ya kusikiliza majina. Nendeni asubuhi ile ile, maana kesho yake maji yamebadilika na ushuhuda umepotea.

8. Kutunza kila siku

Tuchukue bwawa la metro 10 kwa 20. Upande wa juu liwe na kina cha sentimetro 60, na upande wa chini metro 1 au kupita kidogo. Weka vifaranga 2 kwa kila metro ya mraba, yaani 400. Usiongeze hata ukipewa bure.

Ukiwaleta vifaranga kutoka mbali, safiri asubuhi mapema, wachache katika kila chombo, chombo kimefunikwa kwa majani mabichi kisipate jua. Wasilishwe siku ya kabla ya safari. Ukifika, weka chombo ndani ya bwawa kwa muda, uchanganye maji polepole, kisha uwaache watoke wenyewe.

Chakula kipimwe. Vua samaki 10, uwapime. Kama kila mmoja ni gramu 50, basi 400 ni kilo 20. Kwa kila kilo 100 za samaki toa kilo 3 za chakula kwa siku. Hivyo kilo 20 zapata gramu 600. Gawanya mara mbili: nusu saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiisha kuamsha mimea, na nusu saa tisa alasiri. Usilishe alfajiri wala usiku. Tupa chakula mahali pamoja, polepole, uwatazame. Wakiacha kula, wewe nawe acha.

Tazama bwawa kila siku alfajiri, hata kwa dakika tano. Mwenye bwawa aliye mgonjwa au safarini amweke mtu mwingine. Mtoto wa miaka kumi, akifundishwa dalili, aweza kuwa mlinzi mwaminifu. Lakini asiende peke yake, wala asiogelee humo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini samaki hufa zaidi alfajiri kuliko mchana?
2. Taja wezi sita wa hewa. Ni yupi aliyeko katika bwawa lako leo?
3. Kwa nini hatumtazami ngolo tunapotaka kujua kama hewa inatosha?
4. Wakati wa hatari, maji yatolewe upande gani, juu au chini? Kwa nini?
5. Mtu asema samaki wake wametiliwa sumu. Utauliza mambo gani manne?
6. Mtoto amevimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu. Utampeleka wapi, na lini?

Kazi ya wiki hii: Kesho amka kabla ya jua, uende bwawani ukiwa na taa, uwatazame samaki wako saa kumi na moja. Mchana pima maji kwa mkono. Fanya hivyo siku saba, uandike kila siku hali ya mbingu, kipimo cha mkono, na samaki walifanyaje. Siku ya saba soma uliyoyaandika pamoja na watu wa nyumba yako, nanyi mtajua ni siku gani samaki wenu walikuwa na shida, na ni nini kilichowanyima hewa.